Nilivyomtafutia Odeta Baba

Vijana wangu mnaoanza ualimu, hasa ninyi mtakaopewa ofisi ya taaluma kwa sababu mna mwandiko mzuri au hamjui kukataa, nawaandikia mapema kabla hamjaharibu kitu. Mimi nilipewa ofisi hiyo kwa sababu zote mbili. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya jiografia, kichwa kimejaa mito ya Siberia na pepo za jangwani, nikapangiwa Kasulu. Siku ya tatu mkuu wa shule akanikabidhi daftari la uandikishaji, chupa ya wino wa bluu na rula iliyovunjika ncha. Akasema, "Wewe msomi, kaa na hizi karatasi." Nimekaa nazo miaka ishirini na saba, Kasulu kwanza, kisha Kibondo, hadi nilipoomba kustaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Watu wakisikia "kwa hiari" hukohoa kidogo, wanataka kujua nilifanya nini. Nitawaambia nilichofanya.

Kazi yenyewe ni kujaza nafasi zilizoachwa wazi na watu wasiokujua. Ukiielewa hivyo utalala vizuri. Kalamu nunua yako mwenyewe, ya shule inavuja. Picha za pasipoti piga asubuhi, jua la mchana linawafanya watoto wote wafanane na watu wanaodaiwa. Usijaze fomu ukiwa na njaa. Na mtandao, siku hizi za maombi ya vyuo, ufuate alfajiri kabla watoto wa Dar es Salaam hawajaamka, maana wakiamka wao hutapata hata ukurasa wa kwanza.

Kuhusu majina, nendeni polepole. Mimi nilitoka mkoa ambao mtoto hubeba jina la baba, baba la babu, mambo yamekwisha. Nilipofika Kasulu nikamuuliza mtoto mmoja jina la ukoo, akanitazama kama nimemwuliza namba ya kiatu cha shangazi yake. Kwa Waha mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kulingana na yaliyokuwa yakitokea nyumbani siku alipozaliwa. Ndugu watatu, tumbo moja, majina matatu yasiyojuana. Mimi fomu yangu ilitaka majina matatu, kwa hiyo nikamwongezea la tatu kutoka kichwani. Madam Skola, mwenyeji wa Kabanga, aliyefundisha Kiswahili na kunifundisha mimi kila kitu kingine, alilisoma daftari, akavua miwani.

"Hongera, Mwalimu. Umezaa."

"Nimefanyaje?"

"Huyu mtoto uliyemwandika hapa hayupo Kasulu nzima. Uliza mara mbili. Mara ya kwanza muulize mtoto, mara ya pili muulize aliyemleta. Wakitofautiana, funga daftari ukanywe chai."

Nililishika hilo la majina. La uraia sikulishika, kwa kuwa Madam Skola hakulisema, na kwa kuwa nilikuwa na njia yangu ya mkato niliyoiona ya kijanja.

Kwenye daftari la uandikishaji kuna safu ya uraia. Kila Januari walikuja watoto mia na zaidi wa kidato cha kwanza, wazazi wamejipanga hadi kwenye bustani ya mchicha, mvua juu yao, magodoro yamefungwa kwa mifuko ya mbolea. Mtoto wa kwanza namwandikia "Mtanzania". Wa pili hadi wa mwisho naweka vile vistari viwili vya kusema "kama hapo juu". Kurasa nne, vistari tupu, kama manyunyu. Nilijisifu kwamba naiokolea serikali wino.

Kusema kweli, nilikuwa najua. Hasa baada ya kuhamishiwa Kibondo. Ukikaa pale mwaka mmoja tu unajua kwamba miongoni mwa watoto mia wamo kadhaa ambao mama zao walivuka kutoka Burundi wakati wa vita, hawakuingia kambini, wakapata kibarua cha kulima, kisha kipande cha shamba, kisha wakazaa. Serikali inawaita wahamiaji walowezi. Jirani hawaiti chochote, anawaazima jembe. Nikimuuliza mtoto, atasema. Akisema, itabidi niandike. Nikiandika, itabidi mtu fulani afanye jambo. Vistari viwili havikumuuliza mtu swali lolote, na mimi nikajihesabu kuwa mwema.

Odeta alipita kwenye daftari hilo akiwa na miaka kumi na minne. Alikuwa mrefu, mkimya, anatoka Busunzu, ameletwa na mama yake aliyesimama nje ya mstari wa wazazi kana kwamba amekuja kusindikiza tu. Nikaweka vistari vyangu. Sikumkumbuka tena hadi kidato cha tatu, alipoinua mkono katikati ya kipindi changu cha kusoma ramani na kusema, "Samahani Mwalimu, hapo umekosea kipimo. Huo mlima utakuwa Zambia." Darasa likacheka wiki nzima. Nikampenda mtoto huyo kwa namna ambayo mwalimu humpenda mtu anayemwaibisha kwa haki. Akachukua Fizikia, Jiografia na Hisabati, akakaa palepale shuleni kwetu hadi kidato cha sita, na matokeo yalipotoka alikuwa na daraja la kwanza, la aina ambayo mkuu wa shule huiandika kwa chaki ukutani na hairuhusiwi kufutwa.

Tukaenda kuomba chuo. Kibondo mjini kulikuwa na steshenari ya Dada Zawadi, mwanamke wa maneno mengi aliyekuwa na kompyuta tatu, mbili nzima. Tulikaa mbele ya ile nzima zaidi. Jina, sawa. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Kisha uraia, na orodha ya nchi za dunia ikashuka kama kitambaa.

Zamani, kwenye karatasi, ukikwama unaweka kistari, bahasha inafungwa, karatasi inakwenda. Huko mbele mtu mwingine atahangaika nayo. Kompyuta haikubali kistari. Usipochagua nchi haikupeleki ukurasa wa pili.

"Mwalimu, mimi niweke wapi?" akauliza Odeta.

"Unaniuliza mimi? Umezaliwa Busunzu."

"Mama amezaliwa Ruyigi."

Ruyigi iko ng'ambo, Burundi. Dada Zawadi akaacha kukata picha.

"Baba je?" nikauliza, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa miaka sita sijawahi kumuuliza swali hilo.

"Alirudi kutafuta ng'ombe zao. Hakufika, au alifika. Hatujui."

"Wapendwa," akasema Dada Zawadi, "kuna watu wanasubiri nyuma yenu. Chagueni nchi mnilipe."

Nikashika kipanya mimi mwenyewe, nikateremka hadi herufi ya T, nikabonyeza.

Baada ya wiki chache jina lake likatoka. Chuo kikuu cha umma, shahada ya upimaji wa ardhi. Nilicheka peke yangu ofisini: mtu asiyejulikana yuko upande gani wa mpaka anakwenda kusomea mipaka. Kicheko hicho hakikudumu. Katika barua ya kujiunga kulikuwa na kurasa mbili za ada. Ya kwanza ya raia, kwa shilingi, na raia anaweza kuomba mkopo wa serikali. Ya pili ya asiye raia, kwa dola, kubwa mara kadhaa kuliko ile ya kwanza, na mkopo haumhusu. Chini, kwa herufi ndogo, wakamtaka kila mwanafunzi alete cheti cha kuzaliwa na namba ya kitambulisho cha taifa. Odeta hakuwa na kimojawapo. Alikuwa na tangazo la kizazi tu, ile karatasi ya zahanati, na penye jina la baba kulikuwa na kistari.

Sasa vijana, hapa nawaomba msinionee huruma. Nilikuwa na njia tatu. Ningeweza kumwambia mtoto aandike ukweli, akose mkopo. Ningeweza kwenda kuuliza ofisini kama kuna utaratibu wa watu kama yeye. Upo, niliujua baadaye, wa polepole kweli, lakini upo. Nikaichagua ya tatu, kwa sababu muda ulikuwa mfupi na mimi ni mtaalamu. Nikaenda Busunzu kumtafutia Odeta baba.

Mtu wa kule hakuhitaji kuelezwa sana. Kuazima baba kulikuwa kunafanyika. Mzee fulani mwenye jina safi anakwenda kuapa kwamba kijana ni wake, cheti kinapatikana, kijana anaendelea na maisha, na mzee anapata mtu wa kumletea sukari sikukuu. Mama Odeta alikuwa analima shamba la Mzee Bitaliho, Mha wa palepale, mrefu, anayevaa koti la suti juu ya kaptura. Alimpa nafasi ya kujenga pembeni ya migomba yake tangu Odeta yuko tumboni. Nilimkuta anachambua maharage na mkewe, Mama Filbert. Filbert mwenyewe, kitinda mimba wao, alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu Kasulu.

Nilieleza. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akapuliza maganda.

"Huyu kala maharage yangu tangu hajaota meno. Andika."

Mama Filbert akapiga kofi moja kubwa. "Ati nini! Miaka yote namchunga huyu mwanamume, leo Mwalimu ananiletea mtoto wake wa nje, mzima, na daraja la kwanza juu!"

"Nilikuficha," akasema Mzee.

"Ulinificha vizuri. Nimemwogesha mwenyewe."

Tukacheka sote isipokuwa Mama Odeta. Alikaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, ameshika ukindu aliokuwa akisukia mkeka. Nilimuuliza kama anakubali. Akasema, "Ego, Mwalimu. Wewe umesoma." Ego ni ndiyo, kwa Kiha na kwa Kirundi vilevile. Nilikula ugali wao wa muhogo, nikaondoka nimeshiba na nimefurahi.

Kiapo kikaapwa, mimi nikatia sahihi ya shahidi. Ombi la cheti likapelekwa. Lakini wilaya zetu ziko mpakani, na ombi la cheti la mtu mzima halitoki bila watu wa uhamiaji kuliangalia. Tukaitwa: Odeta, Mzee Bitaliho, na mimi kama mwalimu, nije na daftari.

Afisa alikuwa kijana mpole. Hilo lilinitisha zaidi kuliko kama angefoka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwana wanje," akaitikia Mzee kwa Kiha, yaani mwanangu.

"Huyu ni binti yako?"

"Ego. Ndiyo. Wangu."

"Ni wa ngapi kuzaliwa?"

Mzee akafikiri. "Wa katikati."

"Alizaliwa wapi?"

"Nyumbani."

"Hapa tangazo linasema zahanati."

"Basi nyumbani, karibu na zahanati."

Nikatazama viatu vyangu. Afisa akaandika, akaacha habari za Odeta kabisa, akaanza kumuuliza Mzee habari za Mzee. Hilo sikulitarajia hata kidogo.

"Kaburi la babu yako liko wapi?"

"Porini."

"Pori lipi?"

"Kule tulikotolewa wakati wa operesheni ya vijiji. Tulipakiwa kwenye lori, mimi na mbuzi. Sasa kule ni kwa tembo, binadamu haruhusiwi."

"Kwa hiyo huwezi kutuonyesha."

"Waulizeni tembo."

"Balozi wenu wa nyumba kumi huko porini alikuwa nani?"

"Hatukuwa na nyumba kumi. Tulikuwa na nyumba tatu."

Afisa hakucheka. Akauliza majina ya ndugu zake. Mzee akayataja, kila mmoja na jina lake, hakuna linalofanana na la mwenzake, na hakuna ambalo usingelikuta pia ng'ambo ya mpaka. Akauliza jina la baba, la babu, akayalinganisha na kitambulisho. Jina la tatu kwenye kitambulisho Mzee hakulijua. Aliandikiwa na mwandishi wa zamani, mtu wa aina yangu, kutoka kichwani.

Kisha afisa akavuta daftari langu, akalifungua kwenye mwaka wa Odeta. Kidole chake kikashuka kwenye safu ya uraia, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

"Mwalimu, hawa wote ni raia?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, afande."

"Sijaomba unisomee. Uliwauliza?"

Nikafungua kalamu yangu, nikaifunga.

"Filbert mtoto wa Mzee naye alisoma kwako?"

"Ndiyo. Miaka miwili kabla."

Akafungua. Vistari. "Naye hukumuuliza."

"Naye sikumuuliza."

"Basi daftari hili halimsaidii mtu yeyote humu ndani," akasema, akalifunga taratibu. "Mzee, kitambulisho chako kitabaki hapa kwa uhakiki."

Hebu tulieni hapa. Nilikwenda kumtafutia Odeta uraia, nikarudi nimempunguzia Mzee Bitaliho wa kwake. Mtu aliyezaliwa kwenye ardhi hii kabla yangu, aliyelipa kodi ya kichwa, aliyepiga kura kila mara sanduku lilipoletwa, alitoka mle ofisini ameshika risiti ya karatasi mkononi kama mtu aliyeacha mzigo stendi. Na kama baba si raia, mtoto je? Filbert alikuwa anangoja kumaliza chuo ili aombe ajira ya serikali. Zile kurasa ambazo zingeweza kusema neno kwa ajili yake, mimi niliziharibu kwa kubana wino.

Njia nzima ya kurudi, Mzee alisema jambo moja tu. "Mwalimu, Kiswahili changu kibaya?"

"Hapana, Mzee."

"Nilisema 'ego'. Nisingesema."

Wiki zilizofuata sikuwa mtu. Nilikuwa nimeshapeleka maombi yangu ya kustaafu, na kila bodaboda iliyosimama nje ya ofisi nilidhani imeniletea barua. Kushuhudia kiapo cha uongo ni kosa, mafao yangu yangeweza kuyeyuka. Nawaambia hili ili mjue jinsi wema wa aina yangu ulivyo: usiku wa pili tu nilishaanza kupanga maelezo ambamo mimi simjui Mzee, na wazo lilikuwa la Mama Odeta. Niliyaandika maelezo hayo. Kwa mwandiko mzuri. Nikayaweka kwenye droo, yamekunjwa tayari. Filbert alinipigia kutoka Kasulu: "Mwalimu, mkuu wa chuo ananiuliza namba ya kitambulisho cha baba. Nimwambieje?" Nikamwambia mtandao unasumbua.

Chuo nacho kilikuwa kinahesabu siku. Ujumbe ulikuja kwenye simu ya Odeta: thibitisha nafasi yako kabla ya tarehe fulani. Kisha mwingine. Nikamwambia atulie, asiende popote, asiseme na mtu, mambo nayashughulikia. Sikuwa nashughulikia lolote.

Jumatatu moja saa nne asubuhi alikuja ofisini kwangu akiwa na mama yake. Wote wamevaa nguo za kanisani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mnatoka wapi?"

"Kule."

"Kule wapi?"

"Kwa yule afande. Nimemwambia Mzee Bitaliho si baba yangu. Alitusitiri tu. Nimemwambia arudishiwe kitambulisho."

Nilisimama, nikafunga mlango, nikakaa tena. "Odeta, unajua umefanya nini? Wangeweza kuwafunga. Wangeweza kuwapakia leo hii, mama yako miaka yote hii hapa—"

"Alituuliza," akasema Mama Odeta. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akikatiza mtu. "Aliuliza umevuka lini, wapi, na nani. Nikamwambia. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, Mwalimu. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote, na hakuna aliyeuliza."

"Na mimi? Mlimwambia nini kuhusu mimi?"

Odeta alinitazama. Hakukuwa na ukali usoni mwake. Ni kama anapima umbali tu. "Nilimwambia Mwalimu alikuwa na haraka."

Waliondoka. Nikafungua droo, nikayatoa yale maelezo yangu mazuri, nikayachana. Nikachukua karatasi nyingine, nikaandika yaliyotokea, nikayapeleka mwenyewe. Msinisifu. Niliyapeleka baada ya msichana wa miaka ishirini kunitangulia.

Mzee alirudishiwa kitambulisho baada ya wazee wenzake watano, waliopakiwa kwenye lori moja naye, kuja kuandikisha maelezo. Mmoja alimkumbuka hata yule mbuzi. Kesi haikufunguliwa; Mzee alionywa. Mimi nilipata barua ya onyo, na mkuu wangu, mama muungwana, akaniambia yale maombi ya kustaafu ingefaa niyafuatilie upesi. Hiari yenyewe ndiyo hiyo. Filbert ameajiriwa. Lakini Mzee Bitaliho hatembei bila kitambulisho, amekibana kifuani ndani ya mfuko wa nailoni, hata akienda shambani. Na nikimsalimia Kiha, kile Kiha changu cha kuokoteza ambacho zamani kilimchekesha, ananijibu kwa Kiswahili cha redioni.

Odeta alipoteza nafasi. Tuliwapigia chuo kubadilisha uraia. Wakasema sawa, leta ada ya asiye raia. Tarehe ikapita ikiwa Alhamisi, yeye akiwa anapalilia.

Yeye na mama yake wakaandikishwa kuwa walowezi. Wakapewa kibali cha kuishi, karatasi yenye picha zao. Siyo uraia. Uraia unaombwa mbele kwa mbele, kwa miaka na kwa fedha. Lakini ni karatasi ya kwanza maishani mwao isiyo na kistari. Odeta akafundisha masomo ya ziada ya hisabati kwa watoto wa Busunzu na Kibondo mjini, mama akauza maharage misimu miwili, hata yale ya mbegu.

Mwaka huu aliomba tena. Hakuniita. Alikwenda mwenyewe kwa Dada Zawadi, akateremsha ile orodha, akasimama herufi ya B, nchi ambayo hajawahi kukanyaga, akabonyeza. Dada Zawadi ndiye aliyenisimulia, na akasema safari hii hakumharakisha. Akachaguliwa tena, shahada ileile. Barua ikaja na ukurasa wa dola peke yake.

Siku hizi ninaishi Kasulu, nalima kabichi zinazoliwa na wadudu. Jumanne iliyopita simu ikaita.

"Shikamoo, Mwalimu. Nina swali la fomu."

"Marahaba. Uliza."

"Tumepata ada ya muhula mmoja. Wa pili hatuna, na sioni utatoka wapi. Nikienda nikasoma huo mmoja, wakanirudisha, huo muhula utahesabika? Au nitaanza upya siku nikirudi?"

Jibu la haraka lilikuwa limeshafika mdomoni. Miaka ishirini na saba nimejibu maswali ya namna hiyo nikiwa natafuta kofia. Nikalimeza.

"Sijui," nikasema. "Nipe hadi jioni, nikaulize."

Nilipiga simu chuoni. Wa kwanza alinipeleka kwa wa pili, wa pili akaniambia mtandao unasumbua, nikacheka hadi akadhani mimi mgonjwa. Wa tatu hakupokea. Wa nne alikuwa dada wa ofisi ya mitihani, ana mafua, akanisikiliza. Nikamwomba aangalie kwenye kanuni, asinijibu kwa mazoea. Nikasikia kurasa. Akanisomea kifungu chote, nikaandika, nikamsomea nilichoandika, akasema ndivyo. Matokeo ya muhula uliokamilika yanatunzwa. Mwanafunzi aliyesimama kwa kukosa ada anaweza kurudi na kuendelea alipoishia, ila kuna ukomo wa miaka, na ukomo huo nao nikauandika.

Nikampigia Odeta saa kumi na moja. Nikamsomea neno kwa neno, pamoja na ule ukomo.

Nyuma yake nilisikia mtu anapiga maharage kwa fimbo, pu, pu, pu. Kisha akamwambia mama yake jambo kwa Kirundi, maneno machache, na ile fimbo ikanyamaza.

"Mwalimu," akasema, "gari la asubuhi linatoka stendi saa ngapi?"